Viatu Mlangoni kwa Mama Hana

Ujumbe uliingia kwenye simu nikiwa uani napepeta ndengu, nikauacha mpaka nimalize, maana siku hizi simu yangu haileti ila mazishi na michango. Ulikuwa wa Idris. "Ndunge, Mama Hana ametutoka. Hana amenipigia kutoka kwao. Njoo Kitui Jumanne, sisi tuliobaki tule pamoja." Nilikaa juu ya debe nikausoma tena. Angeweza kusema Jumamosi, siku ambayo watu wana nafasi. Alichagua Jumanne kwa makusudi na nilijua sababu. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimekemea vijana miaka thelathini na nane bila kusita, na wanaonijua watakuambia mdomo wangu hauna breki. Lakini kuna mwaka mmoja wa ujana wangu ambao sijawahi kumsimulia mtu kikamilifu, hata marehemu mume wangu, na mtu wa mwisho aliyekuwa na haki ya kunidai masimulizi hayo alikuwa amelala chini ya udongo wa nchi ambayo sijawahi kuikanyaga.

Ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, mwaka chuo kikuu kilipofungwa. Nilikuwa mwaka wa pili. Tulipewa masaa machache tukusanye mablanketi, tukaamriwa turudi makwetu, na huko kila Jumanne tupige ripoti kwa chifu. Asiyeripoti asahau masomo. Tena siku chuo kitakapofunguliwa, kila mmoja aje na barua ya chifu kwamba tabia yake ni njema. Soko letu liko mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Mutomo, na ofisi ya chifu ilikuwa chumba kimoja cha mabati chenye benchi, picha ya rais na kitabu kikubwa cheusi ambacho kalamu yake ilikuwa imefungwa kwa uzi, kana kwamba sisi wasomi tungeiiba. Tulikuwa kumi na watatu. Wengine walitoka Kanziko, wengine Ikutha, wameamka na majogoo. Chifu alikuwa akituangalia mmoja mmoja tukitia sahihi, kisha anasema, "Haya, wanasiasa, tuonane wiki ijayo." Sahihi haikuchukua dakika. Baada ya hapo ulikuwa unatoka juani na siku nzima mbele yako na njaa, na watu wa soko wakikutazama kama mgonjwa aliyerudishwa kutoka hospitali.

Ndipo alipotokea Mwalimu Sung. Alikuwa amesimama nje ya ofisi na baiskeli yake, mwanamume mwembamba wa miaka thelathini na kitu, kofia ya majani kichwani, akatuuliza kwa Kiswahili cha kitabuni, "Je, mmekula?" Tulidhani anatania. Baadaye tulijua kwamba kwao hiyo ndiyo salamu, kama sisi tunavyouliza habari. Yeye na mkewe walikuwa Wakorea, wametumwa na kanisa la kwao kufundisha Injili, na kwa miezi minne walikuwa wamepanga nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya posho mill, kinu cha kusagia unga. Soko zima liliwaita Wachina. Mkewe tulimwita Mama Hana, kwa jina la binti yao wa miaka minne ambaye tayari alikuwa akitukana kwa Kikamba. Kabla ya siku hiyo nilichojua juu yao ni kashfa moja tu: mama jirani yao, Mwaitu Kavata, alikuwa amemwona Mama Hana akizika chungu nyuma ya nyumba, na sisi Wakamba tukiona chungu kinazikwa hatungoji maelezo. Alikwenda kushtaki kwa pasta. Pasta alifukua akakuta kabichi, pilipili na vitunguu saumu, vimeanza kuchacha. "Mwaitu, hii ni mboga," akasema. Mwaitu Kavata akajibu, "Mboga yenye imekufa, ndiyo wanaizika." Mwisho wa mwaka huo yeye mwenyewe alikuwa na chungu chake, na alikuwa akila kabichi ile na isyo, mahindi na maharagwe yetu, akisema inafungua tumbo.

Tulikwenda, kumi na watatu, kwa sababu tulikuwa na njaa, nisiwape sababu tukufu. Mlangoni Mama Hana alituinamia kila mmoja, akasema, "Karibuni. Tafadhali vueni viatu." Hapo palitokea aibu ndogo, kwa maana soksi za mwanafunzi aliyefukuzwa chuo hazitaki kuonwa. Idris peke yake alivua bila kufikiri. Alikuwa mtoto wa duka la vitambaa, ukoo wao ulitoka pwani zamani, anasomea udaktari, na viatu mlangoni kwake ni jambo la kila siku. Ndani hapakuwa na viti. Palikuwa na mikeka, meza fupi ambayo Mwalimu alikuwa ameichonga mwenyewe, sufuria ya wali, mayai, ile kabichi, na nyama ya mbuzi iliyokatwa vipande vidogo. Idris alisita mbele ya nyama. Mwalimu alikuwa amemsubiri asite. "Amechinja Mzee Abdalla wa buchari," akasema. "Nilimuuliza kwanza ni nani kati yenu Mwislamu." Nilishangaa. Mimi nilikuwa nimesoma na Idris tangu darasa la tano, na sikukumbuka kama nimewahi kuuliza nani amechinja.

Baada ya chakula Mwalimu alitoa vitabu vya Luka, akatuomba tusome kila mtu mstari wake, kisha tuulize tunachotaka. Tuliuliza mambo ya kijeuri, tulikuwa wanafunzi. Hakukasirika. Mara nyingi alisema, "Hilo sijui," na hiyo peke yake ilikuwa maajabu, maana sijawahi kumsikia mhubiri wa Mutomo akisema hajui. Tulipokwama kwenye maneno, Idris ndiye aliyetusomea, kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko chetu sote. Alimwambia Mwalimu wazi, "Nakusomea, lakini mimi nimezaliwa Mwislamu na nitakufa Mwislamu." Mwalimu akamwongezea wali. Tukatoka saa tisa, tumeshiba, na hapo mlangoni tukakuta jambo. Viatu vyetu, ambavyo tulikuwa tumevirusha ovyo, vilikuwa vimepangwa mstari mmoja, vumbi jekundu limefutwa, na vyote vimegeuzwa, ncha zikitazama barabara.

Tukaondoka, tukapita posho mill. Mumo, mwenzetu wa uhandisi, ndiye aliyefungua mdomo. "Mmeona? Huyu mama anatufukuza na heshima."

"Si kutufukuza," nikasema.

"Ndunge, mtu akikugeuzia viatu anakwambia nini? Anakwambia njia ni ile."

Na kweli, kwetu ni hivyo. Mgeni hasukumwi kuelekea mlangoni. Hata akikaa mno, unamwongeza chai na kuumia kimyakimya. Jumanne iliyofuata tulimaliza kutia sahihi tukaanza kutawanyika, lakini Mwalimu alikuwa pale pale na baiskeli. Mumo akamuuliza moja kwa moja kama mkewe amechoka nasi. Yule mtu aliona haya mpaka masikio. Alisema hapana, ni heshima ya kwao, mgeni asihangaike kugeuka wakati wa kuondoka. Tukacheka, tukaenda, na tukaendelea kwenda kila Jumanne kwa miezi saba. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: kabla ya mwezi kuisha ilikuwa mimi ninayefika mapema kumsaidia Mama Hana kupika, mimi niliyekuwa nimeapa sitamenya kitunguu cha mtu nikishapata digrii. Nilikuwa napenda kumtazama wakati wa kile kipindi cha kusoma. Alikuwa akitoka kimya na kitambaa chenye maji, anapiga magoti juu ya saruji, na kupitia mlango uliofunguliwa nusu nilimwona akishika viatu vya Mumo, vilivyonuka, kama anayeshika mtoto.

Viatu vile ndivyo vilivyotuponza. Siku hizo mkutano wa watu wachache tu ulihitaji leseni, na askari wa chifu hakuhitaji kuchungulia dirishani. Alipita barabarani akahesabu. "Jozi kumi na tatu, Jumanne sita mfululizo," ndivyo chifu alivyoniambia aliponibakisha ofisini wenzangu walipotoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na jasho shingoni na alizungumza akipanga upya karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa.

"Ndunge, wewe ni mtoto ya hapa. Mkubwa wangu, D.O., ananiuliza hiyo nyumba ya Mchina kuna nini. Mimi nitamwambia nini?"

"Tunakula, chifu. Tunasoma Biblia."

"Na yule kijana Mwislamu anasoma Biblia?"

Nilitazama kile kitabu cheusi na kalamu yake ya uzi.

"Chuo kinafunguliwa mwezi ujao," akasema. "Barua yako iko hapa, ni sahihi tu haina. Wewe niandikie karatasi mbili. Nani anaongoza, wanaongea nini. Uniletee Jumatatu. Unisaidie, na mimi nikusaidie."

Kutoka kijiji chetu hakukuwa na msichana mwingine aliyefika chuo kikuu. Sitapamba zaidi ya hapo. Barua ile ilikuwa maisha yangu yote ya mbele, na nilikuwa naiona juu ya meza, imeandikwa jina langu kwa taipu.

Kesho yake nilikwenda nyuma ya posho mill, mchana, nikawakuta jikoni. Mama Hana alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, Mwalimu anaunganisha mguu wa kitanda cha Hana. Nikawaambia yote. Nilitarajia waombe, au wanisihi, au wanihubirie, na nilikuwa nimejiandaa kukasirika. Mama Hana aliendelea kutoa mawe kwenye mchele. Kisha akaanza kusema, kwa kile Kiswahili chake cha polepole ambacho kila neno lilikuwa limepigwa pasi.

"Kwetu pia chuo kilifungwa. Wanafunzi walikutana nyumbani kwetu, rafiki za mdogo wangu. Wanajeshi walikuja wakati wa baridi, theluji iko chini. Viatu vilikuwa mlangoni, vinatazama ndani. Hakuna mtu alipata nafasi ya kuvaa. Mdogo wangu alitembea bila viatu mpaka gari, na ndani ya gari, na mahali walipompeleka. Alirudi baada ya miaka miwili. Vidole vitatu vya mguu havikurudi." Akapuliza makapi. "Nilikaa na viatu vyake miaka miwili. Nilikuwa nawaza, kama vingekuwa vimegeuzwa, pengine angeviwahi. Ni wazo la kijinga. Lakini mkono wangu hauwezi kuacha."

Sikuweza kumtazama. Tulikuwa tumecheka juu ya viatu vile. Nilitazama sakafu na nikauliza, kwa sababu lazima mtu aulize, wanajeshi walijuaje nyumba.

Mwalimu aliweka nyundo chini. "Mtu aliandika," akasema. "Alikuwa anakula pale kila wiki. Alitaka kurudi chuo, na walimwahidi barua." Akaendelea kwa sauti ile ile. "Ni mimi, Dada Ndunge. Mimi niliandika."

Mama Hana hakuinua macho kutoka kwenye ungo. Nilimtazama yeye, kisha mumewe, kisha yeye tena. Mwanamke huyu alikuwa amempikia mtu huyu miaka yote hiyo. Alikuwa amemzalia Hana. "Ndugu yangu alimsamehe kabla yangu," akasema, kana kwamba ananieleza nani alitangulia kufika kisimani. "Alikuja kutuoza, akichechemea. Mimi nilichukua muda mrefu zaidi." Nilikuwa nimesikia neno msamaha kanisani tangu utoto, limetumika mpaka limechakaa kama noti ya zamani. Siku ile nililiona limekaa jikoni, linachambua mchele, nikaogopa kama mtu aliyefungua mlango wa chumba ambacho hakupaswa kukiona.

Nikamuuliza Mwalimu nifanye nini. Alifikiri. "Sina haki ya kukuambia usiandike," akasema. "Ninajua kitu kimoja. Usipoandika, Jumanne njoo kula. Na ukiandika, Jumanne njoo kula."

Sasa msomaji wangu anangoja niseme kwamba nilirarua karatasi mbele ya chifu. Nimeandika mwisho huo kichwani mara nyingi sana, na ni mzuri. Lakini niliandika. Nilikaa Jumapili mchana baada ya ibada, chini ya ukingo wa paa, nikaandika kurasa mbili kwa mwandiko wangu bora. Niliandika kwamba nyumbani kwa Mwalimu nimesikia jinsi kwao chuo kilivyofungwa na wanajeshi wakaja. Niliandika kwamba anayeongoza usomaji ni Idris. Yote yalikuwa kweli, na huo ndio ulikuwa ubaya wake, sikuhitaji hata kudanganya. Chifu alisoma, akasoma tena, akatia sahihi barua yangu bila kunitazama.

Kufikia Jumanne habari zilikuwa zimeenea. Mwalimu na mkewe walitakiwa kuondoka lokesheni yetu kabla mwezi haujaisha. Barua za wenzangu zilitiwa sahihi isipokuwa ya Idris, ambaye aliambiwa asubiri uchunguzi. Nani aliandika, niliamini hawajui. Nilitia sahihi kitabuni nikaamua kwenda nyumbani, lakini miguu ilikwenda nyuma ya posho mill. Nadhani nilitaka kuona kama ni kweli. Watu husema mengi jikoni. Wenzangu walikuwa wameshaingia, nasikia vijiko na sauti ya Idris. Nilifika mlangoni nikashindwa kuinama kuvua viatu. Nilisimama pale kama nguzo. Mama Hana akatoka, akaniona, na nikajua anajua, sikuhitaji kumwambia. Alinitazama muda, na uso wake haukuwa mtakatifu, niseme ukweli, ulikuwa uso wa mtu aliyepigwa mara ya pili mahali pale pale. Kisha akapiga magoti juu ya saruji. Akafungua kamba za kiatu changu cha kulia, akakivuta, halafu cha kushoto. Akaviweka mstarini na vya wengine. "Chakula kinapoa," akasema.

Nilipewa wali, mayai na kabichi kama wengine, na nilikula huku machozi yakishuka, Mumo akanicheka akidhani ni pilipili. Tulisoma kwa zamu. Idris alitusomea palipokuwa pagumu. Nilipotoka viatu vyangu vilikuwa vimefutwa na kugeuzwa, sawa kabisa na vya wengine, wala havikutengwa hata kwa inchi moja. Sijawahi kuona kitu cha kutisha na kizuri kama mstari ule. Kama nina imani leo, na ninayo, haikutoka kwa mahubiri yoyote. Ilinianzia pale kwenye saruji, nikiwa na miaka ishirini na mmoja na barua ya tabia njema mfukoni.

Walihamia Kibwezi, wakaishi huko miaka mingi, wakifundisha na kulima vitunguu karibu na mto, mpaka walipozeeka wakarudi kwao. Nimepita Kibwezi kwa basi la Mombasa zaidi ya ninavyoweza kukumbuka. Kila mara basi liliposimama nilijiambia leo nitashuka, na kila mara nilinunua embe dirishani nikaendelea na safari. Idris alipoteza mwaka mzima kabla ya kurudi kwenye udaktari. Alimwoa rafiki yangu, akatibu watoto wangu, akaja kumzika mume wangu. Hakuwahi kuniuliza, nami sikuwahi kusema.

Jumanne ya mwaliko wa Idris tulikuwa sita nyumbani kwake Kitui. Mumo alikuja na fimbo. Tulivua viatu barazani, tukakaa kwenye zulia, mke wa Idris akatuletea pilau, na katikati ya sinia, bakuli la kabichi nyekundu iliyochacha. Alikuwa amempigia Hana amfundishe. Tulicheka kuhusu Mwaitu Kavata na chungu chake, tulinyamaza kwa ajili ya wafu, tukakumbushana nani alikuwa na soksi mbovu. Wengine walipoenda kunawa nilibaki na Idris. Mioyo ya wazee haina nguvu ya kubeba vitu vingi, nikaona nikifa na hili nitakuwa nimekufa mwizi.

"Idris," nikasema, "ile karatasi ya chifu. Ni mimi."

Aliendelea kukusanya punje za wali zilizoanguka kwenye zulia. "Najua. Chifu alinionyesha siku ile ile alipokataa kutia sahihi barua yangu. Niliujua mwandiko wako, si tuliketi dawati moja?"

"Miaka yote hii unajua?"

"Nilikuwa na hasira nyingi, Ndunge. Nilikwenda Kibwezi kumwambia Mama Hana ni wewe. Nilidhani hajui." Akatikisa kichwa. "Akaniuliza kama nimekula."

Adhana ya alasiri ikaita kutoka msikiti wa mjini. Akainuka kwa shida, goti lake limeharibika, akaenda ndani kutia udhu. Nilitoka barazani peke yangu. Viatu vya wageni vilikuwa vimepangwa mstari mmoja, vimefutwa, ncha zinatazama lango, na vyangu vilikuwa katikati yao. Kando, palikuwa na jozi moja ya makubadhi ya zamani, ya mwenye nyumba, bado yanatazama ndani, vumbi juu yake. Hakuna aliyekuwa ameyagusa, kwa kuwa yeye ndiye aliyetoka kidogo tukiwa tunakula, akagusa ya wengine.

Magoti yangu pia si ya kuaminika, lakini yalikunjika. Nilifuta yale makubadhi kwa ncha ya leso yangu, soli na kamba, nikayageuza kuelekea lango. Nilikuwa bado chini Idris alipotoka, uso umelowa maji. Aliyatazama, akaniangalia. Akaingiza mguu wa kulia, kisha wa kushoto, akaninyooshea mkono nisimame.

"Haya, twende," akasema. "Nikusindikize mpaka stendi, msikiti uko njiani."